Nelima na Blauzi za Kwaya

Nelima aliingia darasa la kompyuta kwa kukosea, na hata leo hajajuta.

Yeye ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko Ruiru, kwenye safu ya vibanda vya mabati ambapo jirani humjua jirani kwa mlio wa cherehani yake. Kwao ni Bungoma, lakini aliolewa Kalimoni, kwa Muigai mkulima wa nduma, yaani majimbi, na miaka aliyokaa huko imemfundisha Kikuyu cha kutosha kugombana nacho sokoni na kupatana nacho kanisani. Binti yao Jackie alipopata kompyuta mpya chuoni, ile kuukuu aliiacha nyumbani, nayo ikakaa juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

Siku moja Nelima aliona tangazo kwenye ukuta wa duka la dawa: mafunzo ya kuprogramu kwa wanaoanza, watu wazima wakaribishwa, kila Jumamosi asubuhi mjini Thika, bila malipo. Moyo wake ukaruka. Kwa muda mrefu alikuwa akiitamani mashine ya kudarizi, ile unayoipa picha ya ua halafu inajishonea yenyewe huku umekunja mikono. Wauzaji walikuwa wamemwambia kwamba mashine hiyo lazima iprogramiwe. Basi Jumamosi hiyo akafunga kibanda, akatia kwenye kikapu fremu ya kudarizia na nyuzi za rangi saba, akaenda Thika.

Mwalimu alikuwa kijana mrefu aitwaye Calvince, mwenye shati lisilopigwa pasi na sauti ya upole. Alipomwona Nelima akipanga nyuzi zake mezani kando ya kompyuta, alisogea.

"Karibu, mama. Hizi nyuzi ni za nini?"

"Za kudarizi, mwalimu. Sikujua mnatumia namba gani, nikabeba zote."

Calvince alizitazama nyuzi, akamtazama mwenyewe, akaelewa. Hakucheka. "Hapa tunafundisha kuandikia kompyuta maagizo, mama. Lakini hiyo mashine ya kudarizi nayo ina kompyuta tumboni. Hebu kaa usikilize. Ikikuboesha, mlango ni ule, hakuna atakayekushika mguu."

Nelima alikaa kwa sababu ya haya tu; angewezaje kuzikusanya nyuzi zote zile mbele za watu? Lakini kabla ya saa sita alikuwa ameandika mstari wake wa kwanza, na kioo kikamjibu: Habari ya leo, Nelima. Akausoma mara mbili. Ilikuwa furaha ile ile aliyoipata usichanani, siku mkono wa kwanza wa shati alioushona ulipokaa begani bila kukunjamana. Aliporudi nyumbani aliitoa kompyuta ya Jackie juu ya kabati, akaifuta vumbi, akaiweka mezani penye chai.

"Unaisomea nini sasa, Mama Jackie?" Muigai akamuuliza.

"Sijui bado. Nikijua nitakwambia."

Somo lililomshika hasa lilikuwa la masharti. Calvince aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, *if*, akasema maana yake ni "kama", na kwamba ukilijua hilo na mwenzake "la sivyo" umeshika funguo mbili za nyumba nzima.

"Kompyuta haikisii," alisema. "Unaiuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Likiwa ndiyo, inafanya hivi. Likiwa hapana, inafanya vile. Nyinyi mnafanya hivyo kutwa nzima, ila hamsikii mkijisema. Nani atanipa mfano kutoka kazini kwake?"

Mzee Idarous, muuza spea aliyekaa mbele, alisema gari likikataa kuwaka asubuhi, kwanza anatazama betri. Likiwaka lakini likitetemeka, anatazama plagi. Calvince akaandika ubaoni. Macho yakamgeukia Nelima.

"Kitambaa kikiwa cha pamba," Nelima alianza polepole, "nakilowesha kabla ya kukata, maana kitarudi kikifuliwa. Kisipokuwa cha pamba, nakata hivyo hivyo." Akasema kama aliyegundua kitu mfukoni mwake. "Mwalimu, mbona hii *if* yenu tunayo ndani ya neno? Kikiwa. Kisipokuwa. Imejificha katikati."

Darasa lilicheka kwa furaha, na Calvince akapigia mstari ile *ki* na ile *sipo* ubaoni. Tangu hapo Nelima alianza kuzisikia kila mahali. Mteja akisema "ikibana utaniachilia kidogo," yeye alisikia sharti. Muigai akisema "mvua isiponyesha tutamwagilia," alisikia sharti lingine, na alitabasamu peke yake hadi mumewe akamuuliza kama kuna mtu nyuma yake.

Ndipo ikaja kazi ya kwaya. Kwaya ya akina mama wa kanisa lao ilikuwa imealikwa kuimba Thika kwenye tamasha la makanisa, na mwenyekiti wao Syombua akaja kibandani na marobota ya kitambaa cha kijani kibichi, akasema wanataka blauzi za sare, kila mtu na yake, na muda ni mfupi. Syombua huuza maharagwe kwenye soko la Ruiru. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti nene inayobeba kwaya nzima kama msingi unavyobeba nyumba, na akiingia kibandani Nelima hulazimika kusogeza kiti.

Kumkatia kila mwanakwaya ramani yake ya karatasi, ile ya kufuatisha kitambaa, kungemla Nelima siku zote zilizobaki. Akaamua kukata ramani tatu tu, ndogo, wastani na kubwa, kisha kila mama aingie katika moja, na marekebisho madogo yafanywe wakati wa kujaribisha. Na kwa kuwa alikuwa ametoka darasani moto moto, akaona hapa ndipo pa kuitumia akili mpya. Angeandika programu. Angeingiza kipimo cha kifua, nayo ingemwambia ramani ipi.

Aliiandika kwa siku kadhaa, mchana wateja wakipungua, huku chai ikipoa pembeni. Ilisema hivi kwa ufupi: kama kifua ni zaidi ya inchi thelathini, andika ndogo. La sivyo, kama ni zaidi ya thelathini na sita, andika wastani. La sivyo, kama ni zaidi ya arobaini na mbili, andika kubwa. Aliijaribu kwa kipimo cha Jackie, thelathini na tatu. Kioo kikajibu: ndogo. Nelima akapiga makofi peke yake, akaona kazi imekwisha.

Siku ya vipimo akina mama walifurika kibandani na kumwagika hadi nje. Nelima aliiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, akaeleza kwamba leo mashine itasaidia kuchagua. Minong'ono ikapita. Syombua, kama mwenyekiti, alisema ataanza yeye ili wengine wasiogope. Nelima akampima, futi ikazunguka karibu yote. Inchi arobaini na sita. Akaandika namba, akabonyeza.

Kioo kikajibu: ndogo.

Kisha Syombua akainama, akasoma mwenyewe herufi kwa herufi, akainuka taratibu na kuweka mikono kiunoni.

"Mmesoma?" aliwauliza wenzake kwa utulivu mkubwa. "Kompyuta imenena. Haina upendeleo hiyo, haina wivu. Tangu leo asiniambie mtu habari ya kupunguza ugali."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Wanja, mwalimu wa chekechea na mwimbaji wa sauti ya kwanza, alicheka mpaka akashikilia mlango. Kila mtu sasa alitaka zamu yake. Arobaini? Ndogo. Thelathini na tisa? Ndogo. Arobaini na nne? Ndogo. Kila jibu lilipokelewa kwa vigelegele, na wapita njia wakaanza kuchungulia wakidhani kuna harusi.

Nelima alicheka nao, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka moto. Jicho lake lilijua vizuri Syombua ni wa ramani ipi. Lile halikuhitaji umeme. Kilichomtesa ni kwamba hakuona kosa. Alisoma mistari yake upya, na kila mmoja ulikuwa wa kweli. Arobaini na sita ni zaidi ya arobaini na mbili, basi kwa nini isiseme kubwa? Alitaka kuifunga kompyuta, aseme betri imeisha, apime watu kwa njia ya zamani. Lakini alikumbuka jambo ambalo Calvince hupenda kulisema: ukikwama, acha kuisoma programu, kuwa programu wewe mwenyewe. Tembea ndani yake.

Akaangalia kibanda kilichojaa wanawake wenye furaha, akapata wazo.

"Nisaidieni," alisema. "Wanja, simama hapa karibu na mlango. Wewe ni mlango wa kwanza. Kila anayekuja, muulize: umezidi thelathini? Akisema ndiyo, mshike mkono, mwambie wewe ni ndogo, mkalishe pale kwenye benchi. Akisema hapana, mpeleke mbele."

"Na mimi?" aliuliza Wangeci, mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Wewe mlango wa pili. Uliza kama amezidi thelathini na sita. Yule pale nyuma, mlango wa tatu, aulize arobaini na mbili. Mama Syombua, tafadhali toka nje uingie upya."

Syombua alitoka kwa madaha, akaingia kwa madaha zaidi.

"Umezidi thelathini?" Wanja akauliza.

"Nilizidi zamani, mwanangu."

"Basi wewe ni ndogo. Kaa kwenye benchi."

Syombua akakaa. Akaja wa arobaini na nne. Umezidi thelathini? Ndiyo. Benchi. Akaja wa thelathini na tisa. Benchi. Benchi likajaa, likaanza kulia. Wangeci kwenye mlango wake wa pili alibaki amesimama bila kazi, akimbembeleza mtoto, na yule wa mlango wa tatu alikuwa ameanza kuchezea vifungo kwenye mkebe.

"Kwani sisi tumewekwa hapa kwa nini?" Wangeci alisema. "Hatufikiwi na mtu. Wote wanaishia kwa Wanja."

Nelima alisimama wima. Jambo lile lilimwingia kama sindano inavyopata tundu lake. Masharti yote yalikuwa ya kweli, ila la kwanza lilikuwa pana mno na lilikaa mbele, likawameza watu wote kabla hawajafika kwa mengine. Kompyuta ikipata ndiyo ya kwanza, haiendelei kuuliza.

Kabla hajafungua kinywa, Syombua alisema kutoka kwenye benchi, "Si mgeuze tu? Mkali atangulie. Aanze huyu wa arobaini na mbili, halafu wa thelathini na sita, Wanja awe wa mwisho apokee wanaobaki."

Wakabadilishana nafasi. Syombua akatoka nje mara ya tatu, akaingia, na mlango wa kwanza ukamnasa papo hapo: kubwa. Wa thelathini na tisa akapita wa kwanza, akanaswa na Wangeci: wastani. Mmoja mwembamba akafika hadi kwa Wanja. Walirudia mchezo ule bila kuombwa, wakipeana zamu za kuwa milango, hata waliokwisha kupimwa wakaingia tena kwa raha tu. Nelima alikaa kwenye kompyuta katikati ya kelele hizo, akapanga mistari yake upya, kubwa juu, wastani katikati, ndogo chini. Akaandika arobaini na sita.

Kubwa.

"Haiya," Syombua alisema, na uso wake ukawa wa kuhuzunika kwa mchezo. "Nilikuwa ndogo kwa muda mfupi kweli." Kisha akamgusa Nelima begani. "Lakini dada, hiyo kubwa ni lazima? Hiyo mashine haina neno lingine la heshima?"

Nelima alifikiri. Kompyuta haijali, inaandika kile ulichoiambia iandike. Akawauliza wangependa kuitwaje. Mapendekezo yakamiminika, mengine ya kuchekesha na mengine yasiyofaa kutamkwa na kwaya ya kanisa, mpaka Wanja akasema yawe majina ya milima. Wakakubaliana. Ndogo ikawa Kilimambogo, wastani ikawa Nyandarua, na kubwa ikawa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Syombua alipoandikiwa Kirinyaga kwenye kioo aliinua kidevu.

"Hapo sasa," alisema. "Wenye theluji kichwani."

Blauzi zilishonwa. Siku ya kujaribisha zote zilikaa, isipokuwa ya Wanja. Kifungo cha kifuani kilivutana na tundu lake kama watu wawili waliokosana. Nelima akampima tena: inchi thelathini na sita kamili. Safari hii hakuona aibu hata kidogo, kwa sababu aliliona kosa lilipokuwa limelala. Yeye aliandika "zaidi ya thelathini na sita," na thelathini na sita haiwezi kuzidi thelathini na sita. Programu ilimpeleka Wanja Kilimambogo kwa haki kabisa, ilhali mwili wake ulitaka Nyandarua.

"Nimekuacha mpakani," Nelima alimwambia. "Nilisahau kusema hata aliye sawa na hiyo naye apite."

"Sasa nitaimba nikiwa nimeshika pumzi?"

"Hapana, nimekuachia kitambaa ndani. Vua, kunywa chai, itakuwa tayari."

Akaongeza alama moja kwenye programu yake, ile ya sawa, kisha akafumua mshono na kuuachilia. Wanja alipoivaa tena aliinua mikono juu, akajaribu noti yake ya juu kabisa, na fundi viatu wa kibanda cha jirani akaitikia kwa nyundo.

Huko Thika kwenye tamasha, kwaya ilipanda jukwaani kwa safu tatu, kijani tupu, hakuna bega lililolegea wala kifungo kilicholalamika. Waliokuwa wakiwatazama hawakuelewa kwa nini, kabla ya wimbo kuanza, mwenyekiti aligeuka na kunong'ona, "Nyandarua, songeni kulia kidogo," na safu nzima ya katikati ikasonga huku ikiuma midomo isicheke. Waliimba vizuri. Hawakushinda, walishika nafasi ya pili, na walirudi Ruiru wakiimba kama walioshinda. Nelima, ambaye hakuwa mwanakwaya, alikuwa ameketi katikati ya watu karibu na mgeni wake, Calvince. Alipomsimulia habari ya milango, kijana alisahau kupiga makofi wimbo ulipoisha.

"Mama, mimi hiyo mada huifundisha kwa mishale ubaoni, na kila mara nusu yao hawanielewi," alisema. "Darasa jipya linaanza mwezi ujao. Somo la masharti lifundishe wewe."

"Mimi? Nitasema nini mbele ya watu?"

"Utawapanga milango, basi."

Alilifundisha. Alisimama mbele ya watu wazima wenye woga ule ule aliokuja nao yeye, akawapanga, akawapitisha, akaacha wakwame kwenye mlango wa kwanza mpaka mmoja wao aulize kwa nini hafikiwi na mtu. Mzee Idarous, aliyerudi kurudia kozi kwa hiari yake, aliomba awe mlango mkali, na akaufanya kwa ukali uliopitiliza.

Mashine ya kudarizi Nelima bado hana. Anasema ataipata, na akiipata ataijua hadi ndani. Kwa sasa anapambana na somo la kurudia, ambapo kompyuta hufanya jambo lile lile tena na tena hadi uiambie ikome, na juzi aliiandikisha jina la Syombua likajaa kioo kizima likiteremka bila kikomo. Alimpigia simu mwenyewe aje aone. Syombua alikuja mbio kutoka sokoni na aproni yake, akatazama jina lake likimiminika, akasema hajawahi kuheshimiwa hivyo.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, Muigai alivuta kiti karibu na meza. Si kawaida yake kuisogelea kompyuta.

"Hiyo kitu," alisema, "inaweza kuniambia nduma zimeiva?"

"Inaweza, ukiiambia kwanza wewe unajuaje."

"Mimi naangalia tu. Naona zimeiva."

"Unaona nini, Baba Jackie?"

Muigai aliangalia mikono yake. Kisha akainuka. "Twende," alisema, "hapa siwezi kusema."

Wakateremka hadi kwenye kijito, Nelima akiwa na viatu vya mpira vya binti yake, na jua lilikuwa bado juu. Muigai akaingia kwenye tope, akainama, akashika jani la nduma. Akasema likiwa bado pana na la kijani, ni kuliacha. Likianza kuwa dogo na kugeuka njano pembeni, hapo unatazama shingo, pale mabua yanapoungana na kiazi. Shingo ikiwa imejitokeza juu ya udongo, unaipapasa. Isipojitokeza, usiiguse, hata jani liseme nini, maana jani laweza kudanganya wakati wa kiangazi. Alizidi kusema. Aliyasema mambo ya nduma ambayo katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kuyasema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyauliza, na sauti yake ikapata uchangamfu wa mtu anayeonyesha wageni nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

"Pole pole," Nelima alimwambia akicheka, amesimama kwenye ukingo wa kijito. "Anza tena hapo kwenye shingo. Ikiwa haijajitokeza, halafu?"

"Njoo uishike mwenyewe," Muigai alisema, akamnyooshea mkono wenye tope, naye akaushika, akashuka majini.